Nani Aliyemwita Mshamba? Tafakuri Kuhusu Mkulima Katika Michoro ya Chapa ya Ulaya, Karne ya 16

Wahenga walinena kuwa mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ikiwa kauli hii ni ya kweli, basi lipo swali ambalo sisi wanafunzi wa fasihi hatuna budi kujiuliza kila tunapokutana na kazi ya sanaa inayomhusu mnyonge: mwenye shibe anapomchora mwenye njaa, je, tuiamini picha hiyo? Swali hili limenisumbua tangu nilipoanza kukusanya data ya tasnifu yangu ya uzamili kuhusu usawiri wa mkulima katika riwaya ya Kiswahili. Ajabu ni kwamba mwanga mkubwa sikuupata katika riwaya yoyote, bali katika michoro midogo iliyochapwa katika miji ya Ujerumani na ile ambayo leo ni Ubelgiji, zaidi ya miaka 450 iliyopita.

Huenda msomaji akauliza: mwanafunzi wa Kiswahili ana nini na michoro ya Wazungu wa kale? Jibu langu ni kwamba fasihi na uchoraji ni ndugu wa tumbo moja, na mara nyingine mtu huuona uso wake vyema zaidi katika kioo cha jirani. Isitoshe, michoro hii haijafungiwa tena makumbusho. Makumbusho ya Metropolitan ya New York na Rijksmuseum ya Amsterdam yameiweka katika tovuti zao, na yeyote mwenye intaneti anaweza kuitazama bure na kuikuza mpaka akahesabu nyuzi za kikapu.

Kwanza yafaa tuelewe jinsi michoro yenyewe ilivyotengenezwa, kwa kuwa humo ndimo ulimo ufunguo wa hoja yangu. Ilikuwa ya aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni mchongo wa mbao. Fundi alichonga ubao na kuondoa kila mahali pasipokuwa na mstari, akaiacha mistari imesimama kama mishipa. Kisha wino ukapakwa juu ya mistari hiyo na karatasi ikagandamizwa. Aina ya pili ni nakshi ya shaba, na hapa kazi ilikuwa kinyume. Fundi alitwaa bamba la shaba lililosuguliwa likang'aa, akalichimba mifereji myembamba kwa chuma chenye ncha kali. Mifereji ilijazwa wino, uso wa bamba ukafutwa, karatasi yenye unyevu ikalazwa juu yake, na vyote vikapitishwa katika mtambo uliovigandamiza kwa nguvu. Wino ulipanda karatasini, nayo picha ikatokea imegeuka: mkono wa kulia ukawa wa kushoto. Wachonga nakshi wa milango ya Lamu wangeielewa kazi hii bila mkalimani. Tofauti ni kwamba mlango mmoja ni wa nyumba moja, ilhali bamba moja la shaba liliweza kutoa mamia ya nakala.

Maadamu nakala zilikuwa nyingi, palihitajika wanunuzi wengi. Hao walikuwa akina nani? Walikuwa wafanyabiashara, mafundi wenye uwezo, mawakili, wasomi na makasisi, yaani watu wa mjini. Mkulima aliyechorwa hakuwa ndiye aliyelengwa na mwenye duka. Katika mji wa Antwerp, Hieronymus Cock na mkewe Volcxken Diericx waliendesha duka la kuchapisha lililoitwa Pepo Nne. Huko mchoraji alitoa mchoro wa kalamu, fundi mwingine akauchonga katika shaba, mwingine akauchapa, na aghalabu beti za mashairi zikatiwa chini yake. Cock alilijua soko vizuri. Mwaka 1557 alipochapisha mchoro maarufu wa samaki wakubwa wanaowameza samaki wadogo, uliochorwa na Pieter Bruegel, aliandika kuwa mbunifu wake ni Hieronymus Bosch, mchoraji aliyekuwa amefariki tangu 1516, kwa kuwa jina la Bosch liliuza. Kwa hivyo tunapotazama mchoro wa aina hii, tusidhani tunasikia sauti moja. Tunasikia kwaya, na si waimbaji wote wanaoimba wimbo mmoja.

Tuanze na Albrecht Dürer wa Nuremberg. Mnamo mwaka 1497 hivi alichonga bamba dogo, takriban sentimita 11 kwa 8, lenye wakulima watatu wakizungumza. Mmoja amebeba kikapu cha mayai. Mwingine ana upanga ambao ala yake imechakaa. Hakuna kinachotendeka ila mazungumzo. Mnunuzi wa mjini angeweza kucheka: mkulima na upanga, wapi na wapi! Lakini pia angeweza kutiwa hofu kidogo, maana hatuambiwi watu hao watatu wanaongea nini.

Mwaka 1519 Dürer alichonga mkulima na mkewe sokoni. Wanao kuku, kikapu cha mayai na mtungi. Mume amenyoosha mkono kama anayemsemesha mpita njia. Hivi ndivyo mwenyeji wa mji alivyomjua mkulima: mtu anayetokea asubuhi akiwa na chakula, kisha akatoweka. Alikotoka na alikorudi hakukuwa na haja ya kukujua.

Miaka sita baadaye mkulima alikataa kutoweka. Kati ya 1524 na 1525 wakulima wa sehemu nyingi za nchi za Kijerumani waliinuka dhidi ya mabwana zao. Mnamo Machi 1525, katika mji wa Memmingen, madai yao yaliandikwa katika vifungu 12. Walidai utwana ukomeshwe. Walidai haki ya kuvua samaki, kuwinda na kukata kuni. Walidai kazi za lazima na kodi zipunguzwe, na waumini wajichagulie mchungaji. Madai hayo yalichapwa na kusambazwa kwa mitambo ileile iliyozoea kuwachapa wao kama vichekesho. Hawakusikilizwa. Martin Luther, ambaye wengi wao walimwona kuwa mtetezi, aliandika kuwahimiza watawala wawaangamize bila huruma. Tarehe 15 Mei 1525 jeshi la wakulima lilivunjwa vibaya huko Frankenhausen, na kufikia mwisho wa vita hivyo makumi ya maelfu ya wakulima walikuwa wameuawa.

Mwaka huohuo wa 1525 Dürer alichapisha kitabu cha kufundisha upimaji wa maumbo. Humo, miongoni mwa mistari na duara, mna mchongo wa mbao wa mnara wa kumbukumbu. Chini kabisa kuna ng'ombe, kondoo na nguruwe. Juu yao nguzo inapanda kwa vitu vya shambani vilivyopangwa kimoja juu ya kingine: kasha la nafaka, chombo cha kusukia siagi, mtungi wa maziwa, majembe na uma vilivyofungwa pamoja na mganda, tundu la kuku. Kileleni ameketi mkulima, kainama, kashika tama, na upanga umemzama mgongoni.

Wataalamu hawajakubaliana kama Dürer alikuwa akiomboleza au akidhihaki. Wapo wasemao kuwa mnara wa ushindi uliojengwa kwa mitungi na matundu ya kuku ni mzaha tu. Mimi huuweka mchoro huu kando ya ule wa 1519, nikatazama kimoja baada ya kingine. Kuku ni walewale. Mayai ni yaleyale. Mtungi ni uleule. Vitu ambavyo mkulima aliwaletea watu wa mji ndivyo vilivyogeuzwa kuwa nguzo ya kaburi lake, na upanga umeingia kwa nyuma. Iwe msanii alikusudia kucheka au kulia, mkono wake ulikwisha kuhesabu kila kitu kilichochukuliwa kwa mtu huyu. Hiyo kwangu ni orodha ya deni.

Nuremberg hiyohiyo iliwatoa ndugu wawili, Sebald na Barthel Beham. Januari 1525 walifukuzwa mjini pamoja na Georg Pencz kwa kuwa na mawazo ya dini na utawala yaliyowaudhi wakuu, ingawa waliruhusiwa kurudi baadaye mwaka huo. Zaidi ya miaka 20 baadaye, mwaka 1546 na 1547, Sebald alichonga mfululizo wa vibamba visivyozidi ukubwa wa kiganja kuhusu sherehe ya wakulima. Wanandoa wa kijijini wanacheza ngoma wawili wawili, kila jozi na miezi yake, mume kwa mke, magoti juu, nguo zikipepea. Halafu wanakunywa, wanatapika na hatimaye wanapigana. Msanii aliyeonja ghadhabu ya wakubwa aliishia kuwauzia wakubwa kicheko. Simhukumu. Tumbo ni tumbo, na huenda mnunuzi wa kicheko ndiye aliyekuwepo. Ila natambua kuwa baada ya vita kicheko kina kazi maalumu. Mtu uliyemwogopa jana, ukimchora leo akitapika, unalala usingizi mzuri zaidi.

Hapa ndipo ninapomfikia Pieter Bruegel, na ndipo hoja yangu inapokaza. Mnamo mwaka 1559 alichora sherehe ya kijiji cha Hoboken, karibu na Antwerp. Sherehe hizo, zilizoitwa kermis, zilikuwa za kuadhimisha kanisa la kijiji na mtakatifu wake. Mchoro ulichongwa na Frans Hogenberg. Beti za Kiflemi zilizo chini zinasema, kwa ufupi, kwamba wakulima hufurahia sherehe kama hizi, wacheze na walewe kama wanyama, na hawakubali kuzikosa hata kama kwa sababu yake watakufa kwa njaa na baridi. Sasa, msomaji mwenzangu, funika beti hizo kwa kiganja na utazame picha. Utaona maandamano ya waumini yanaingia kanisani. Utaona watu wakishindana kulenga mishale. Utaona watoto wanacheza, duara la ngoma, nguruwe wanaojipitia, mkokoteni, na mbele kabisa mtu mwenye vazi la mcheshi amewashika watoto wawili mikono akiwaongoza. Walevi wamo, naam. Lakini kijiji kizima kimo pia: ibada, michezo, malezi, biashara na mapenzi. Beti zimechagua kitu kimoja na kukiita vyote.

Wakati huohuo, Cock alichapisha mchoro mwingine wa Bruegel, wa sherehe ya Mtakatifu George. Humo bendera inaning'inia nje ya nyumba ya vileo, na maandishi yake yanaomba wakulima waachwe wafanye sherehe yao. Hayo hayakuwa maneno matupu, kwani watawala walikuwa wamejaribu mara kwa mara kuziwekea mipaka sherehe hizo. Msanii mmoja, somo moja, ngoma ileile. Maneno upande huu yanamdhihaki mkulima na upande ule yanamtetea. Kwa istilahi zetu za uhakiki, tungesema msimulizi amebadilika ilhali mhusika ni yuleyule. Funzo ni kwamba tunapaswa kuisoma picha peke yake na maandishi yaliyo chini yake peke yake, kisha tuulize ni nani aliyeyaandika na kwa faida ya nani.

Je, sisi hatuna maandishi ya aina hiyo chini ya picha zetu? Lichukue neno "mshamba". Kwa muundo wake, halina kosa: ni mtu wa shamba. Lakini nani kati yetu hulisikia hivyo? Maana iliyokita mizizi ni mtu asiyejua mambo, asiye na adabu za mjini. Wala hatuko peke yetu. Kiingereza kilichukua neno la majirani zake wa Uholanzi na Ujerumani lenye maana ya mkulima, kikalifanya limaanishe mtu asiye na ustaarabu. Na neno lake la mhalifu katika hadithi limetokana na neno la Kifaransa cha kale lililomaanisha mtwana wa shamba la bwana. Lugha tatu, nne, zimekula njama moja bila kukutana. Sababu ni kwamba maneno, kama michoro, yaliwekwa chapa mjini.

Nilipoingia mwaka wa kwanza chuoni, wenzangu bwenini walinipa jina hilo kwa kuwa niliwaamkia wapishi wa bwalo mmoja mmoja kwa mkono. Mama yangu ni mkulima wa mahindi Bungoma. Karo yangu ya shule ya upili ilitoka katika ekari mbili na ng'ombe mmoja. Nilifunzwa kwamba anayekulisha huamkiwa. Sikuona haya wakati ule, wala sioni sasa. Hata hivyo, jambo moja lilinishangaza: waliocheka zaidi walikuwa watoto wa wakulima kama mimi. Tulikuwa tumetoka shambani majuzi tu, na tayari tulikuwa tunashindana kuandika beti chini ya picha za wazazi wetu.

Kwa sababu hiyo, mchoro ninaourudia kuliko yote ni ule wa Kiangazi, ambao Bruegel aliuchora mwaka 1568, mwaka mmoja kabla ya kufariki, na Cock akauchapisha mwaka 1570. Ni mavuno ya ngano. Mbele kabisa mvunaji ameketi, ameinua mtungi mkubwa, anakunywa kwa kiu ambayo hata mtazamaji huihisi kooni. Mguu wake umetoka nje ya fremu ya picha. Mundu wake mrefu nao umevuka mpaka. Mwingine amejitwika kikapu cha mboga hata kichwa chake kimefichika. Mtu anaweza kusema mnywaji huyu ni mlafi. Mimi nimemwona mama akiinua kibuyu cha uji mwezi wa kuvuna, saa saba mchana, kwa namna ileile, uji ukimtiririka kidevuni, na hakuna mtu pale aliyewaza kuhusu ulafi. Mwili uliofanya kazi unadai haki yake. Ule mguu uliotoka nje ya fremu waniambia kuwa msanii aliuona uzito wa mtu yule, na fremu ikamwia ndogo.

Mchoro wa kuandamana nao ni wa Majira ya Kuchipua, uliochorwa 1565. Vibarua wanachimba, wanasawazisha na kupanda bustani ya maua. Bibi aliyevaa vizuri amesimama akiwaelekeza. Nyuma yao kondoo wananyolewa sufu, na kwa mbali kundi la watu linajiburudisha. Hakuna anayepigwa, hakuna anayelia. Lakini ukitazama jinsi migongo ilivyopinda na jinsi mgongo wa bibi ulivyonyooka, utakuwa umesoma sura nzima ya uchumi. Na anayetaka wazi zaidi aiangalie michoro miwili ya mwaka 1563, Jiko la Wanono na Jiko la Wakondefu. Katika jiko la kwanza soseji na mapaja ya nguruwe yananing'inia hadi darini, na mpiga zumari aliyekonda anafukuzwa mlangoni. Katika la pili kome na mizizi ndicho chakula, na mtu mnene aliyepotea njia anataka kukimbia ilhali wakondefu wanamvuta aingie. Maskini wanamkaribisha tajiri, tajiri anamfukuza maskini: hiyo ni hekima ambayo bibi zetu wameisimulia kwenye moto tangu zamani.

Kuna watakaonipinga wakisema kwamba Bruegel mwenyewe alikuwa mtu wa mjini. Ni kweli. Alisajiliwa katika chama cha wachoraji cha Antwerp mwaka 1551, na rafiki zake walikuwemo wasomi kama mchora ramani Abraham Ortelius. Karel van Mander, aliyeandika habari zake mwaka 1604, anasimulia kuwa Bruegel na rafiki yake mfanyabiashara walikuwa wakivaa mavazi ya kikulima na kwenda harusini vijijini na zawadi, wakijidai kuwa jamaa wa bwana au bibi harusi. Iwe kisa hicho ni cha kweli au kimetiwa chumvi, kinanipa moyo. Chanathibitisha kuwa kuzaliwa kijijini hakumpi mtu macho, wala kuzaliwa mjini hakumpofushi. Kinachohitajika ni kwenda, kuketi, kula pamoja, na kutazama muda mrefu kuliko inavyompendeza mnunuzi.

Wengine watasema dawa ya dhihaka ni sifa. Shaaban Robert alitupa Utubora, mtu anayeacha kazi ya mshahara akarudi kulima, na jina lake lenyewe ni wasifu. Naiheshimu riwaya hiyo kwa kuwa ilithubutu kumpa mkulima hadhi ya shujaa. Lakini kumpamba mkulima akawa malaika pia ni kumwekea maandishi chini ya picha. Mama yangu hucheka, husengenya, hukasirika, na akilewa furaha arusini hucheza mpaka majirani wakamshika. Mchoro wa Hoboken una nafasi yake. Ubeti wa Hoboken hauna, na utenzi wa malaika nao hauna.

Basi, wanachama wenzangu, wengi wetu tutaandika. Wengine watakuwa walimu, wengine wanahabari, wengine watatunga tamthilia na vichekesho vya televisheni ambamo mtumishi wa shamba hupewa lafudhi nzito ili watu wacheke. Kila tutakapoketi kuandika tutakuwa na bamba la shaba mbele yetu na chuma chenye ncha mkononi. Mfereji ukishachimbwa katika shaba ni vigumu kuufukia, na nakala zake huenda tusikoweza kuzifuata. Tujiulize mapema: katika picha hii, kuku ni wa nani, mayai ni ya nani, na upanga umetoka wapi?